Kamba Iko Wapi?

Mtoto wa kaka yangu alitaka kukichoma. Alikishusha kitunga kutoka kwenye uchaga ulio juu ya jiko, akakipiga gotini ili masizi yaanguke, kisha akakichungulia kwa chini.

"Shangazi, hiki kimekwisha. Kiko na tundu. Tuwashie moto wa wali?"

Nje, wanawake wa matanga walikuwa wanapepeta mchele, na masufuria makubwa yalikuwa bado hayajapata moto. Nilimwambia anipe kwanza. Nikaweka uso wangu ndani ya kitunga kama mtu anayekunywa maji, nikavuta pumzi.

Kilinuka moshi wa miaka mingi, kikanuka mawese, na chini kabisa, mahali ambapo pua hufika kwa kungojea, kilinuka mpunga mpya uliolala juani. Wenzangu mliokulia Kasongo mnaijua harufu hiyo. Mvua zikiisha, kila uwanja una mkeka, na kila mkeka una mtoto mwenye fimbo, amewekwa pale kufukuza kuku na ndege. Mimi nilikuwa mtoto huyo katika uwanja wa Shangazi, dada ya baba yangu, ambaye sasa tulikuwa tumemzika, na watu walikuwa wamekuja kumlia.

"Hiki si cha moto," nilimwambia yule binti.

"Ni cha nini basi?"

Jibu lake halikuwa la neno moja. Kitunga kile hakikuwahi kubeba kitu. Kilikuwa mtego wa njiwa, na tundu lililofanya kihukumiwe kufa Shangazi alilitoboa mwenyewe, apate kupitisha mkono na kumshika ndege bila kukiinua.

Shangazi alinilea kwa sababu ya shule. Wazazi wangu walikuwa Lusangi. Walilima, na wakati wa kiangazi baba alishuka mashimoni pamoja na wanaume wengine kutafuta dhahabu. Shule ya huko ilifunguliwa na kufungwa kufuatana na mvua na habari za barabara. Nilipoanza kujua kusoma walinileta Kasongo kwa Shangazi, mjane ambaye watoto wake walikuwa wameshaolewa na kutawanyika. Kila mwaka mama alikuja mavuno yakiisha, kwa miguu, na karanga za kukaanga zimefungwa kwenye jani, amevaa kikwembe chake cha kijani chenye picha za samaki wa njano. Alikaa siku chache, akarudi. Kila mara picha iliyobaki machoni pangu ilikuwa ile ya kuagana: mama yuko mbali barabarani, anageuka, anainua mkono wote juu, vidole vimetawanyika, anautikisa kama mtu anayefukuza ndege shambani. Kisha kona inamficha. Sehemu iliyobaki ya mwaka niliiishi nikiungoja mkono ule.

Siku moja, nikiwa kwenye mkeka na fimbo yangu, nilimwona Shangazi akifanya jambo lililonishangaza. Alichukua konzi ya mpunga, akaimwaga chini kando ya jiko, mbali na mkeka, akarudi kukaa. Njiwa wakashuka. Mimi niliyezoea kupigiwa kelele kwa kila punje iliyodonolewa nikaruka juu.

"Shangazi, wanakula!"

"Wacha wale."

"Wote?"

"Wacha, mutoto. Hata wao wako na matumbo."

Kesho yake alimwaga tena, na safari hii alisimamisha kitunga juu ya zile punje, upande mmoja ukiegemea kijiti, mdomo wazi. Nilifikiri amewajengea nyumba ya kuwakinga na jua. Njiwa waliogopa kwanza. Walizunguka, wakainamisha vichwa kuangalia kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Mmoja akaingiza shingo, akadonoa, akatoka mbio. Hakuna kilichompata. Siku zilizofuata walizoea, mwishowe wakawa wanaingia chini ya kitunga kama watu wanaoingia ibadani, wakubwa mbele. Niliwapa majina. Mmoja aliyekuwa na mguu mbovu nilimwita Mwalimu, kwa sababu mwalimu wetu alichechemea. Nilimwambia rafiki yangu Riziki kwamba mtaa mzima hauna mtu mwenye moyo mwema kama Shangazi yangu, kwa maana analisha hata ndege.

"Shangazi yako anazeeka," Riziki akasema.

Halafu siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Shangazi amekaa kwenye mlango wa jiko, kimya kabisa. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na kamba nyembamba aliyoisokota kwa nyuzi za gunia kuukuu. Kamba ilipita chini, imefunikwa kwa pumba, mpaka kwenye kijiti. Njiwa waliingia, wakubwa mbele. Shangazi akavuta. Kitunga kikaanguka kwa sauti ndogo, puu.

Nililia mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

"Umewadanganya! Walifikiri unawapenda!"

Shangazi alinivuta karibu, akanifuta kamasi kwa ncha ya kikwembe chake. "Mupunga ulikuwa mupunga wa kweli," akasema. "Walikula, wakashiba. Hakuna hata mumoja aliyejiuliza: huyu mama ananifukuza huku, kwa nini ananilisha kule?"

"Ndege hawajui kuuliza!"

"Basi. Wewe unajua. Mutu akikupa kitu cha bure, leo akupe, kesho akupe, na haombi kitu, usianze kula. Anza kutafuta kamba. Jiulize: kamba iko wapi?"

Mwalimu alimwachia kwa ajili yangu. Wengine tuliwala na wali, na ni haki niseme kwamba walikuwa watamu.

Mtoto hushika neno kama alivyolipokea. Shangazi alisema kamba, nami nikatafuta kamba. Jirani aliponipa kipande cha muwa nilikikagua kutoka juu mpaka chini kabla ya kuuma. Mgeni mmoja wa kanisa alitugawia kalamu shuleni, nikamzunguka kwa nyuma kuona kama kuna kitu kinachoburuta. Sikuona kitu, nikapokea kalamu, nikaridhika kwamba ndivyo watu wenye akili wanavyofanya.

Wasichana wa mtaa wetu tulichota maji bondeni, kwenye chemchemi, kisha tukapanda kilima na bido, lile dumu la njano la maji, kichwani. Kilima kile kiliwahi kumfanya mtu mzima akae chini njiani. Riziki ndiye aliyekuwa mbele yetu siku zote. Baba yake alitengeneza baiskeli karibu na msikiti, na yeye alikuwa amejifunza kupiga mluzi kwa vidole viwili kama wateja wa baba yake. Alinizidi kimo, alinizidi maneno, na alikuwa amenichagua mimi, mtoto wa kuja, nikae naye benchi moja darasani. Kwa sababu yake hakuna aliyenitania kwamba sina mama.

Ndipo akaja Kaka Sefu. Hatukujua ametoka wapi. Tulimkuta tu chemchemini anaosha pikipiki nyekundu, amevaa maluneti, miwani meusi ya jua, na mfuko wa shati umejaa bombo, zile peremende za kufungwa kwenye karatasi. Siku ya kwanza alitugawia bombo. Siku nyingine alipakia mabido ya wadogo mpaka juu ya kilima. Kisha akaanza kutupakia sisi wenyewe, wawili wawili, kupanda na kushuka.

"Unalipisha ngapi?" Riziki alimuuliza, mkono kiunoni, kama mama wa sokoni.

"Mimi silipishi dada zangu. Ni bure."

"Bure ya kweli?"

"Panda, uone."

Alipanda. Walishuka kilima injini imezimwa, upepo umejaza gauni lake kama puto, na sauti yake ilifika chini kabla yao. Tangu siku ile hapakuwa na jambo jingine la kuzungumza. Sefu alituambia mambo ya chemchemini yabaki chemchemini, kwa sababu wakubwa hawajui kucheza. Tuliona ni sawa, maana kweli hawakujua kucheza.

Zamu yangu ilipofika, niliizunguka pikipiki kwa nyuma. Juu ya kibebeo cha mizigo kulikuwa na mpira mweusi, mrefu, uliokatwa kutoka ndani ya tairi, una kulabu ya chuma mwishoni. Wote wenye pikipiki wanao, wa kufungia mizigo. Mimi nikarudi nyuma.

"Sipandi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Iko na kamba."

Walitazamana, wakitafuta maana. Kisha Riziki akapasuka, akiiita pikipiki moto kama sisi sote. "Eee! Moto iko na kamba! Na mbuzi iko na kamba! Na suruali ya Kaka Sefu, muangalie, hata yeye iko na kamba!"

Walianguka juu ya mabido yao kwa kicheko. Sefu mwenyewe alivua maluneti akajifuta machozi. Nami nikapewa jina. Kabla ya jua kuzama mtaa wote wa wasichana uliniita Kamba, na wimbo ulikuwa tayari:

Kamba, Kamba, panda kwa miguu,
sisi tumeteremka, weye uko juu!

Ulikuwa wimbo usio na haki, kwa maana nilipokuwa ninapanda wao walikuwa wanashuka, na waliposhuka walinipita karibu sana hata vumbi lao likaingia kinywani mwangu, na pamoja na vumbi kipande kidogo cha ule upepo. Niliutamani upepo ule kuliko sukari. Nilitembea na bido langu na kiburi changu, na kiburi ndicho kilichokuwa kizito zaidi.

Riziki hakunitupa mara moja. Alinisihi. "Panda mara moja tu, wakuone. Wananicheka na mimi kwa sababu yako. Wanasema ninakaa na mutu ya kijiji."

"Ninaogopa kamba."

"Ni ya kufunga magunia, weye! Utafungwa, uko gunia?" Kisha, kwa sauti nyingine, bila kuniangalia: "Usipopanda, mimi nitahama benchi."

Juma lile alihama. Alihamia benchi la nyuma, na mimi nikajifunza jinsi benchi linavyoweza kuwa refu.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Nilishuka chemchemini nikamkuta Sefu, Riziki, na watoto wawili wadogo wanaocheza na maji. Sefu aliniita kwa jina langu jipya.

"Kamba! Kuja uone."

Aliigeuza pikipiki. Kibebeo kilikuwa kitupu, chuma kinang'aa.

"Kamba iko wapi sasa?" akaniuliza.

Riziki akapiga makofi. "Ameitoa kwa ajili yako! Mutu mukubwa ametoa kamba ya moto yake kwa ajili yako, na bado utakataa?"

Sefu akainama mpaka nikaona uso wangu ndani ya maluneti yake, mara mbili, mdogo sana. "Leo ninapita Lusangi," akasema polepole. "Najua mama yako iko kule. Unamusalimia, jioni unarudi. Bure."

Sijui kama wewe unayesoma uliwahi kukaa mbali na mama yako katika umri ule. Mwili hauulizi akili. Niliona karanga kwenye jani, niliona samaki wa njano. Nikaweka bido chini. Nikaweka mguu juu ya chuma cha kukanyagia, na kilikuwa cha moto kwa jua. Hakukuwa na kamba. Niliangalia tena, na hakukuwa nayo, na Shangazi hakuwa amenifundisha kitu kingine cha kutafuta.

Riziki alikuwa ameshapanda, amemshika Sefu kiunoni. "Haraka, Kamba! Kindu iko mbali. Mimi nataka kuona ndege ikishuka."

Alisema juu ya ndege ya chuma, ile ya uwanja wa Kindu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mkeka na fimbo, na ndege kwangu walikuwa njiwa. Nikawaona wakishuka. Nikakiona kitunga siku zile za mwanzo, kijiti kimesimama peke yake, na chini pasafi. Siku zile zote hapakuwa na kamba. Njiwa walichungulia kwa jicho moja, wakachungulia kwa jingine, wakaona hakuna kitu, wakaingia.

Na tena, Kindu? Sokoni kwetu barabara zinaachana. Moja inakwenda Kindu, nyingine inakwenda upande wa Kabambare, na Lusangi iko kwenye hiyo nyingine. Hata wadogo wale wawili walijua.

"Kaka Sefu," nikasema, mguu bado juu ya chuma, "moto yako inaenda Kindu ao Lusangi?"

"Inaenda kwote."

"Inaanza wapi?"

Akacheka. "Uko na maswali kama komanda wa polisi."

"Nani alikuambia mama yangu iko Lusangi?"

"Ni mimi nilimuambia!" Riziki akadakia. "Wacha maswali, Kamba, utamuchokesha!"

"Basi ngojeni kidogo, nikamuambie Shangazi anipe muzigo wa mama. Siwezi kufika kwa mama mikono mitupu."

Kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Hakuna aendaye Lusangi bila mzigo wa mtu: chumvi, sabuni, hata salamu iliyofungwa na kipande cha kitambaa. Mtu wa pikipiki anayejua njia ile hulijua hilo kuliko sisi. Lakini uso wa Sefu ulikaza.

"Hakuna wakati," akasema.

Mtu aliyekuwa na wakati wa kutupandisha kilima kila siku hakuwa na wakati wa kungoja kipande cha sabuni. Nikaondoa mguu wangu. Pikipiki ilikuwa imeshanguruma. Nilimshika Riziki gauni. "Shuka," nikamwambia. "Riziki, shuka." Alinipiga mkono, nikaachia.

"Baki na kamba yako!" akapiga kelele, na kilima kikawachukua.

Nililiacha bido, nikakimbia mpaka shambani alikokuwa Shangazi, anavuna. Nilimwambia yote, pamoja na yale ya chemchemini yaliyopaswa kubaki chemchemini. Alitupa kisu chake cha kuvunia, akatangulia mbele yangu kwa mwendo ambao sikujua kwamba anao. Baba yake Riziki alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu. Aliposikia aliigeuza, akaipanda hiyohiyo. Watu wazima waliulizana haraka. Kwangu mimi Sefu alitaja Lusangi, lakini mimi nimebaki. Kwa Riziki alitaja Kindu, na Riziki ndiye aliyepelekwa. Wakaona ni Kindu. Baba yake akaenda njia ya Kindu akiuliza kila kijiji, na aliporudi miguu yake ilikuwa imevimba na hakuna aliyeona pikipiki nyekundu.

Hakuna aliyeniita Kamba tena. Wasichana waliniachia njia chemchemini kama mtu mwenye msiba. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yenyewe haikunipa raha yoyote. Ningeyapokea matusi ya kila siku, na wimbo, na vumbi kinywani, mradi sauti ile iwe inashuka kilimani. Bido la Riziki nililipeleka nyumbani pamoja na langu. Shangazi aliliweka pembeni, hakulitumia.

Mavuno yakaisha, na mama akaja. Alifika mchana, akaweka mzigo chini, akanishika kichwa na kukinusa kama kawaida yake. Kabla hatujampa habari zetu alikwisha kaa kwenye mkeka, anasaidia kutoa mawe kwenye mchele, na anatuchekesha kwa habari za njiani kama wageni wote.

"Na hawa watu wa moto!" akasema. "Siku moja ninaanika mupunga wangu kando ya barabara. Moto ikapita mbio mbio, na musichana amekaa nyuma, ananililia mimi: 'Mama ya kamba! Mama ya kamba!' Nikasema, masikini, kamba yao imekatika, muzigo unaanguka. Nikainua mukono niwaonyeshe wasimame wakaze. Wapi! Sijui kama muzigo ulifika."

Alicheka peke yake. Mkono wa Shangazi ulikuwa umesimama ndani ya mchele.

"Moto ilikuwa ya rangi gani?" Shangazi akauliza.

"Nyekundu. Kwa nini?"

Nikasema, "Mama, Kamba ni mimi."

Mama hakulijua jina lile. Angelijuaje? Lilizaliwa chemchemini, na yeye alikuwa Lusangi. Aliniangalia mimi, akamwangalia Shangazi, na Shangazi alikuwa amesimama tayari, anakwenda kwa fundi wa baiskeli bila kufunga kitambaa kichwani.

Baba yake Riziki alifika Lusangi, akapita, akaendelea kuuliza juu ya pikipiki nyekundu upande wa Kabambare. Alimkuta binti yake mahali pa mashimo ya dhahabu, nyuma ya kibanda cha mama mpishi, anaosha sahani za wachimbaji. Sefu alikuwa amemwacha pale na kuondoka. Nilikuwa sokoni waliporudi. Riziki alikaa upande kwenye baiskeli, kichwa kimefunikwa, amekonda, mikono imebabuka kwa maji na majivu. Niliinua mkono wangu. Hakuniona, au aliniona. Siku chache baadaye alipelekwa kwa mama wa baba yake, kijijini Wamaza, ili maneno ya watu yasimfikie, na baba yake naye akahamia huko. Hivyo ndivyo nilivyompoteza mara mbili.

Haya yote yalikuwa ndani ya kitunga, na mtoto wa kaka yangu alikuwa bado anangoja jibu kuhusu moto wa wali. Ndipo nikasikia sauti uwanjani, sauti ya mwanamke mzima, imechoka kwa njia.

"Hodi wenye matanga. Poleni. Kamba iko hapa?"

"Mama, kamba ya kufunga nini?" kijana mmoja akamjibu kwa heshima. "Tukutafutie?"

Nilitoka na kitunga mkononi. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na karanga zimefungwa kwenye jani. Amenenepa kidogo, shingo ni ileile.  Tulilia kwanza kama matanga yanavyotaka, kisha tukalia kidogo zaidi ya hapo. Nikamwingiza jikoni, tukakaa kwenye vigoda. Alikichukua kitunga, akapitisha mkono kwenye tundu, akafungua na kufunga vidole upande wa pili.

"Huyu mama, shangazi yako, ndiye alinitoa kule," akasema.

"Ni mama yangu. Kwa kicheko chake."

"Ni wote wawili." Akakiweka kitunga mapajani. "Na weye ulisema kwenu?"

"Nilisema siku ileile."

"Nilijua utasema. Kila kengele ya baiskeli niliposikia kule, nilijua ni baba. Ilichelewa tu."

Nilikuwa na swali nililolibeba tangu utotoni. Halikufaa kwa matanga, wala halikufaa kwa mwanamke mwenye watoto wakubwa. Nililiuliza hata hivyo.

"Riziki, upepo ulikuwaje?"

Aliweka mkono kinywani, na macho yake yakacheka kabla yake. "Mpaka leo haujapanda moto?"

"Nimepanda nyingi. Siyo ile."

"Ulikuwa mutamu," akasema. "Siwezi kukudanganya. Watoto wangu ninawaambia hivyo: kitakuwa kitamu. Kama hakikuwa kitamu, nani angeingia? Mpaka sokoni ulikuwa mutamu. Kisha moto ikakata kona ya Kabambare, na mimi nikajua. Nikamuambia simama, akaongeza mwendo. Nilikuwa nataka kuita kila mutu kando ya barabara, sauti haitoki. Mpaka nikamuona mama yako. Jina lako la kweli likanipotea. Nilikuwa nimekuita Kamba sana."

Mama yangu amekufa miaka mingi. Nguo zake tuligawa, sura yake imeanza kunikimbia, na picha hatukuwahi kupiga. Nilidhani kwamba siku zote za mama nilizopaswa kuwa nazo nilikwisha kuzipata.

"Alikuwa amevaa nini?" nikamuuliza.

"Kikwembe ya kijani. Iko na samaki. Alikuwa amesimama katikati ya mupunga wake, pumba imejaa nywele. Tulipita, nikageuka, akafanya hivi."

Riziki aliinua mkono wote juu, ndani ya jiko lile la moshi, vidole vimetawanyika, akautikisa.

Mtoto wa kaka yangu alitokea mlangoni, akatuona, akaenda kutafuta kuni mahali pengine.

"Tena," nikamwambia Riziki. Akauinua tena.